Kufuatilia Mifuko ya Damu kwa Blokcheni

Blokcheni, yaani daftari la kidijitali linalotunzwa kwa nakala kwenye kompyuta nyingi, haijui kilichomo ndani ya mfuko wa damu. Inatunza ilichoandikiwa, basi. Damu ya kundi A ikibandikwa lebo ya O, kosa hilo litahifadhiwa milele. Kwa hiyo anza na lebo kabla ya programu.

Tumia namba ya uchangiaji ya ISBT 128, mfumo wa kimataifa wa lebo za damu, yenye alama 13: 5 za kituo, 2 za mwaka, 6 za mfuatano. Damu ya mchangiaji mmoja hugawanywa mifuko kadhaa, kwa hiyo ufunguo wa rekodi, yaani kinachoitambulisha, uwe namba hiyo pamoja na msimbo wa zao (sehemu ya damu, kama plazima). Ukiacha msimbo, taarifa za plazima zitafunika za chembe nyekundu.

Mtandao uwe wa wanachama tu, kwa mfano kwa programu ya Hyperledger Fabric, na maabara, benki ya damu na kila hospitali wawe na nodi zao (kompyuta zilizo kwenye mtandao huo). Nodi za kupanga miamala (mabadiliko yanayoandikwa) kwa Raft, utaratibu wa kukubaliana kwa wingi wa kura, zisipungue 3, ili moja ikizimika kazi iendelee. Mbili ni hasara tupu: ikizimika moja, yote yanasimama.

Kwenye leja, yaani daftari hilo la pamoja, andika zao, kundi, tarehe ya kuisha muda, hali na aliyeushika mfuko. Jina la mchangiaji na majibu yake ya VVU yabaki kwenye hifadhidata ya ndani. Kuficha namba ya kitambulisho kwa heshi (alama fupi inayokokotolewa kutokana na taarifa) hakutoshi, maana tarakimu ni chache na kompyuta huweza kuzijaribu zote. Mpe mchangiaji namba ya nasibu.

Mkataba janja, yaani programu inayotekeleza kanuni kwenye blokcheni, ukatae kutoa mfuko karantini mpaka majibu ya VVU, homa ya ini B na C, na kaswende yaingie yote, na maabara na benki ya damu ziidhinishe kwa pamoja.

Chembe nyekundu hukaa nyuzi 2 hadi 6 za Selsiasi, siku 35 kwenye CPDA-1 au 42 kwenye SAGM, ambavyo ni vimiminika vya kuhifadhia damu. Kipimajoto kinachosoma kila dakika 5 hutoa vipimo 288 kwa siku kwa friji moja. Usivipeleke vyote kwenye leja. Faili libaki nje, leja ipokee heshi yake na kila tukio la joto kuvuka mpaka.

Hospitali mbili zikiomba mfuko mmoja kwa wakati mmoja, muamala wa pili hukataliwa kwa kosa la MVCC_READ_CONFLICT (rekodi imebadilika tangu iliposomwa). Programu isirudie ombi kimyakimya. Imwoneshe mhudumu mfuko mwingine unaofaa.

Mkataba usisome saa ya mashine: kila nodi itapata jibu lake na muamala utakwama. Tumia muda ulio ndani ya muamala, ukijua umetoka kwenye kifaa cha mtumaji, ambacho saa yake huweza kukosea.

Intaneti ikikatika, mgonjwa hasubiri bloku (fungu la miamala) iandikwe. Damu itolewe kwa fomu ya karatasi, kisha muamala uingizwe baadaye ukiwa na nyakati mbili: damu ilipotoka na taarifa ilipoandikwa.