Somo: Kubandua picha za zamani zilizonatana

Usivute. Picha zilizosafishwa studio zina utando wa jelatini, aina ya gundi laini ya wanyama, juu ya karatasi, na sura unayoiona imo ndani ya utando huo. Masika ya Tanga jelatini hunyonya unyevu, ikavimba na kunata. Jua likirudi hukauka ikiwa imeng'ang'ania picha ya juu yake. Ukibandua kikavu, uso wa bibi harusi unahamia mgongoni mwa picha nyingine. Kinachoilegeza ni maji.

1. Lipige picha rundo lote kwa simu, pamoja na maandishi ya nyuma. Wino wa kalamu huyeyuka.

2. Tambua aina. Za printa ya wino, za Polaroid (kamera inayotoa picha papo hapo) na zilizotiwa rangi kwa mkono haziingii majini. Zenye ukungu nazo ni za kuogopa: ukungu hula jelatini, ukiloweka sura yote inateleza kama mlenda. Tia tone moja la maji pembeni, subiri dakika moja, gusa kwa pamba. Pamba ikitoka na rangi, acha.

3. Maji yawe ya nyuzi 18 hadi 21. Hapa ndipo wengi huharibu: maji ya tangi la juu ya paa saa saba mchana ni ya moto, na jelatini ikipita nyuzi 30 hulainika mno. Ya kisima huku pwani mara nyingi yana chumvi. Tumia ya chupa, yakae kwenye friji kidogo. Ukipata Photo-Flo ya Kodak, dawa ya kusuuzia picha, tia mililita 5 kwa lita 1, si lazima.

4. Zamisha rundo kwenye beseni, nyuso juu, dakika 20 hadi 30. Jaribu kona kwa ncha ya kidole, si ukucha, picha ikiwa bado majini. Ikigoma, ongeza dakika 15. Karatasi za zamani zisizo na plastiki mgongoni huchanika zikilowa sana. Zishike kwa mikono miwili.

5. Suuza, anika kivulini juu ya chandarua kilichotandazwa, uso juu. Gazeti huacha wino, tishu hunata.

MASWALI

Shikamoo fundi. Ya babu imeshika kioo cha fremu.
— Marahaba. Ipige picha kwanza kupitia kioo, huenda hiyo ndiyo nakala bora utakayopata. Kisha loweka na kioo chake, kioo kikiwa chini. Kisu usiguse.

Maji ya betri yanafaa?
— Yale ya kuongezea, ndiyo. Soma lebo, maana wapo wauzaji wanaoita hata asidi kwa jina hilo.

Zimelowa mvua, zaidi ya mia, siwezi zote leo.
— Zisikauke zikiwa zimebanana. Zifunge kwenye mifuko ya nailoni, kumi kumi, utie friza kabla ya saa 48. Toa mfuko mmoja mmoja.

Imekauka lakini imejikunja.
— Iweke kati ya karatasi nyeupe safi, juu yake vitabu vizito, siku mbili. Pasi hapana.