Kabla binti hajaingia kwenye mashine ya MRI

Binti ana miaka 16, matiti yameota, lakini hajavunja ungo. Au kila mwezi anajikunja kwa maumivu chini ya kitovu na damu haitoki. Daktari wa wanawake ameagiza MRI ya nyonga, yaani picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku, ili ajue kizazi na uke vimeumbikaje. Wazazi huuliza kwanza kama ale au asile. Mimi ningeanza na fomu ya daktari ya kuombea kipimo.

Isomeni kabla ya kulipia. "MRI ya nyonga" pekee haitoshi. Swali liandikwe: kizazi kipo? Kimegawanyika? Uke umeziba wapi? Na figo ziombwe humo humo, kwa kuwa mifumo ya uzazi na mkojo huumbika kwa pamoja. Kwenye hali iitwayo MRKH, ambayo humpata takriban msichana 1 kati ya 5,000, kizazi na sehemu ya juu ya uke hukosekana au hubaki vidogo sana, na baadhi yao wana hitilafu ya figo pia. Mwenye vizazi viwili na uke ulioziba upande mmoja, mara nyingi hana figo ya upande huo huo. Ovari (vifuko vya mayai) nazo huweza kukaa juu kuliko kawaida. Picha ikiishia chini, ripoti itasema hazipo, na binti atalia bure.

Kama kizazi kipo, picha zifuate mlalo wa kizazi chenyewe. Bila hivyo ni vigumu kutofautisha kizazi chenye ukuta ndani na chenye pembe mbili, na matibabu yake hayafanani.

Damu ikiwa imejikusanya ndani, msikubali ivutwe kwa sindano kabla ya kipimo. Sindano huweza kuingiza vijidudu, na uke uliosinyaa hausomeki vizuri. Bebeni pia ripoti za ultrasaundi, homoni na upasuaji wowote wa nyuma.

Chakula? Vituo vingi hutaka afunge saa 4 hadi 6 na huchoma dawa ya kutuliza utumbo, usichezecheze na kutia ukungu kwenye picha. Kibofu kiwe na mkojo kiasi tu. Jeli inayowekwa ukeni ili uke uonekane vizuri husaidia kwa baadhi, ila si lazima. Aulizwe yeye, na akikataa iwe basi.

Mashine ni sumaku. Pini za mtandio, shanga za kiunoni zenye chuma, hereni na vibanio vya nywele vibaki nyumbani. Kifaa chochote kilichopandikizwa mwilini kitajwe mapema. Hakuna mionzi, ila kuna kelele kubwa kwa nusu saa au zaidi, hivyo ombeni vizibo vya masikio.

Mkiondoka, chukueni CD ya picha zote pamoja na ripoti. Daktari wa upasuaji atataka kuziona mwenyewe.