Umemaliza chuo Ujerumani na viza ya masomo inaisha? Miezi 18 ya kutafuta kazi, usiimalizie kwenye maboksi

Kila ikikaribia mwisho wa mwezi wa tatu na mwisho wa mwezi wa tisa, semesta za Ujerumani zinapofungwa, simu yangu inaanza kuita na swali ni lilelile. Mtu kamaliza masta yake, kadifendi vizuri, nyumbani wanapiga vigelegele WhatsApp nzima, halafu anageuza kadi yake ya ukaazi anakuta imebakiza siku thelathini na kitu. "Kaka, ndo nirudi?" Hurudi, tulia, ila usitulie sana.

Naongelea Ujerumani tu maana ndiko nilikopita mwenyewe, na naongelea waliomaliza chuo kikuu huku huku, digrii ya kwanza, masta au PhD. Waliokuja kwa Ausbildung, yale mafunzo ya ufundi wa kazi, wana utaratibu wao na muda wao, hao tutawaongelea siku nyingine.

Sheria yao ya ukaazi inaitwa Aufenthaltsgesetz na kifungu chako wewe ni cha 20. Kinasema ukimaliza chuo hapa unaweza kupewa kibali cha mpaka miezi 18 ya kutafuta kazi inayoendana na usomi wako, na ndani ya hiyo miezi unaruhusiwa kufanya kazi yoyote ile, masaa yoyote, hakuna tena zile hesabu za mwanafunzi za siku 140 nzima au 280 za nusu kwa mwaka. Hapo ndipo wengi wanaposikia nusu ya habari. Wanasikia "kazi yoyote" hawasikii "miezi 18", na miezi hiyo ikiisha imeisha, haiongezwi kwa kifungu hichohicho hata ulie.

Sasa hatua zenyewe. Usisubiri cheti. Huku cheti kinaweza kuchukua wiki kadhaa kikaja kwa posta kwenye bahasha ya kawaida kama bili ya umeme, joho na mahafali vyuo vingi hawana habari navyo. Siku matokeo yako ya mwisho yanaingia kwenye mfumo, nenda ofisi ya mitihani ya chuo uombe barua inayosema umekamilisha masharti yote ya digrii, hiyo barua inatosha kuanzia maombi na cheti utakipeleka baadaye. Na hesabu miezi yako kuanzia hapo kwenye matokeo, usihesabu kuanzia siku utakayoshika kadi mpya, ukikuta umepewa zaidi ya ulivyohesabu ni faida yako.

Ofisi unayoenda ni Ausländerbehörde, yaani ofisi ya wageni, ya mji ulikosajiliwa kuishi, siyo ya mji wa chuo kama umehama. Miji mingi sasa wanataka uombe onlaini, mingine bado ni imeili na kusubiri apointimenti, na kwenye miji mikubwa hiyo apointimenti inaweza kuja baada ya miezi. Kwa hiyo kitu kikubwa kuliko vyote kwenye haya maelezo yangu ni hiki: maombi yawe yamefika kwao KABLA kadi yako ya sasa haijaisha. Siyo apointimenti iwe kabla, maombi. Tuma, piga skrinishoti ya ule ukurasa wa "tumepokea", hifadhi PDF, na kama ni imeili jiwekee nakala. Ukiomba ndani ya muda kadi yako ya zamani inahesabika inaendelea kuishi mpaka watoe uamuzi, na wanakupa karatasi inaitwa Fiktionsbescheinigung, jina refu hivyo lakini kazi yake ni kusema huyu mtu yupo kihalali tunamshughulikia.

Hiyo karatasi isome, usiikunje tu ukaweka mfukoni. Ndani kuna vibox vya vifungu, angalia wametiki aya gani ya kifungu cha 81. Ikiwa aya ya 4 unaweza kutoka nje ya Ujerumani na kurudi, ikiwa ni aya ya 3 ukitoka kurudi ni kisanga. Kuna dada mmoja tulikuwa naye mji mmoja alishakata tiketi ya kwenda harusini Mombasa, tukakaa naye jikoni na ile karatasi tukiipindua pindua mpaka tukaiona namba 4, akapumua. Pia angalia wameandika nini kuhusu kazi. Maneno unayoyatafuta ni "Erwerbstätigkeit erlaubt", yaani kazi inaruhusiwa, ukiyaona piga kazi. Usipoyaona, chukulia masharti yako ya mwanafunzi bado yapo na usije ukasaini mkataba wa masaa arobaini kwa sababu tu umeshamaliza kusoma.

Nyaraka wanazotaka hazitishi: pasipoti, hiyo barua au cheti, uthibitisho wa unapoishi, bima ya afya, na uthibitisho kwamba una hela ya kuishi bila kuwategemea wao. Picha siku hizi ni ya kidijitali, tangu Mei 2025 zile picha za karatasi za mashine za stesheni hazipokelewi, unapiga kwa mpiga picha aliyeidhinishwa au palepale ofisini kama wana mashine. Ada inakaribia euro 100, uwe na kadi ya benki. Na pasipoti, jamani pasipoti! Hawakupi kibali kinachozidi uhai wa pasipoti yako. Mimi yangu ilikuwa imebakiza miezi mitano, nikapewa kibali cha miezi mitano, kosa langu mwenyewe, nikaanza mbio za ubalozini Berlin katikati ya msimu wa intavyu na nikalipia kadi mara mbili. Kama ina chini ya miaka miwili anza kuirenew ukiwa bado unaandika tasnifu.

Hela na bima nazisemea zaidi kidogo maana ndipo watu wanapokwama. Hela unaonyesha kwa benki stetimenti, au mkataba wa kazi hata ya muda, au mtu anayeishi huku akusainie kwa serikali kwamba atakubeba, hiyo inaitwa Verpflichtungserklärung na siyo barua ya kirafiki, ukishindwa kujilipia anadaiwa yeye, kwa hiyo usimwombe mtu kwa kumshtukiza. Kipimo cha mwanafunzi kilichoanza Septemba 2024 ni euro 992 kwa mwezi, kwa anayetafuta kazi ofisi yako inaweza kutaka zaidi, waulize kwa maandishi wakujibu kwa maandishi. Ofisi ya ajira, Agentur für Arbeit, utaenda kwa ushauri na kuangalia nafasi, lakini ile posho ya Jobcenter, ya serikali kwa wasio na kipato, siyo yako ukiwa na kibali cha kutafuta kazi.

Bima sasa. Ukishatolewa kwenye orodha ya wanafunzi ile bei ya mwanafunzi inakufa, unahamia ya hiari na makato yanaruka, wengine wakiona ile barua wanakimbilia bima za bei poa za wageni wa muda ambazo ofisi inaweza kuzikataa. Njia ambayo mimi naiona nzuri ni kutafuta kazi ya nusu muda inayolipa juu ya kiwango cha minijob, zile kazi ndogo za malipo madogo, mwaka 2025 kilikuwa euro 556 kwa mwezi na 2026 ni 603. Ukivuka hapo mwajiri anakuingiza kwenye bima ya lazima na mnagawana makato, hivyo kazi moja ya siku mbili tatu kwa wiki inakutatulia bima na uthibitisho wa hela kwa mpigo.

Lakini iwe siku mbili tatu. Si mnajua habari za kubeba boksi, zile kazi za ghalani, inaanza na "nafanya miezi miwili nijipange", ghala linalipa kila mwezi bila kuchelewa, nyumbani wanajua umemaliza chuo kwa hiyo mahitaji nayo yanapanda, ada ya mdogo wako, bati la mama, unaongeza shifti za usiku, unalala mchana, na maombi ya kazi hayaandikwi na mtu aliyelala. Unashtuka ni mwezi wa kumi na nne. Simdharau mtu, maboksi nimebeba na mgongo unanikumbusha kila baridi, nasema tu ile kazi haikupi kibali kinachofuata, maana kibali kinachofuata kinataka kazi yenye sifa, kazi ambayo kwa kawaida inahitaji mtu aliyesomea.

Hicho kinachofuata kina milango miwili mikubwa. Kuna Kadi ya Bluu ya Umoja wa Ulaya, hiyo inaangalia mshahara. Mwaka 2025 ulitakiwa uwe angalau euro 48,300 kwa mwaka kabla ya makato, na kwa fani zenye uhaba au kwa mtu ambaye digrii yake haijapita miaka mitatu ni 43,759.80. Wewe uliyemaliza juzi ndo huyo wa miaka mitatu. Viwango vinapanda kila Januari, 2026 vimekuwa 50,700 na 45,934.20, kwa hiyo kama mkataba wako umekaa pembeni kabisa ya mstari usiburuze maombi mpaka mwaka mpya. Mkataba uwe wa miezi sita au zaidi. Mlango wa pili ni kibali cha kawaida cha msomi, kifungu 18b, huko mshahara unaweza kuwa chini ya hapo, na tangu Novemba 2023 hawabani tena kwamba kazi ilingane na jina la digrii, mtu aliyesoma jiografia anaweza kuajiriwa kwenye lojistiki mradi kazi yenyewe ni ya kiwango cha mtu aliyesomea. Hii ilifungua sana watu wa sayansi ya jamii waliokuwa wanaambiwa hawana fani.

Kwa milango yote miwili mwajiri anajaza fomu inaitwa Erklärung zum Beschäftigungsverhältnis, yaani maelezo ya ajira yako. Wengi, hasa kampuni ndogo, hawajawahi kuiona na wakiona neno Ausländerbehörde wanaogopa. Ipakue wewe, jaza vile unavyovijua, watumie na barua fupi ya Kijerumani kwamba wewe tayari uko hapa kihalali na unaweza kuanza hata kesho. Hiyo sentensi iweke hata juu kabisa kwenye CV yako, maana mtu wa rasilimali watu akiona pasipoti ya Tanzania au Kenya anawaza viza ya miezi sita ubalozini, na ukiwa kwenye kifungu cha 20 na kazi yoyote inaruhusiwa, unaanza kwake huku kibali kinabadilishwa taratibu.

Kijerumani? Utaambiwa IT hawahitaji. Baadhi hawahitaji, ni kweli, ila wewe ukisoma mpaka ngazi ya B2, ile ya kujieleza vizuri, unagombania nafasi za kampuni za mji mdogo ambako waombaji wa Kiingereza tupu hawafiki.

Ikifika mwezi wa kumi na mbili huna kitu anza kuangalia pembeni ukiwa bado una muda. Kuna nafasi za PhD zinazolipwa kama ajira, hizo ni mkataba kabisa. Kuna kujiajiri, kifungu 21 kina sehemu ya waliomaliza vyuo vya hapa, biashara iendane na ulichosoma. Kuna kuingia Ausbildung, na hapa watu wa masta wanaona aibu, sijui ya nini, nafahamu aliyetoka masta ya kemia akaingia mafunzo ya maabara na leo ana mkataba wa kudumu. Na ukirudi nyumbani siyo mwisho, kuna Chancenkarte, yaani Kadi ya Fursa, iliyoanza Juni 2024, mwaka mmoja wa kutafuta kazi, na wewe mwenye digrii ya Ujerumani huhesabiwi hata zile pointi, unaonyesha hela tu, 2025 ilikuwa euro 1,091 kwa mwezi, na ukiwa nayo unaruhusiwa kazi za muda mpaka masaa 20 kwa wiki.

Ukishapata mkataba fungua folda, weka kila karatasi ya mshahara kuanzia ya kwanza. Aliyesoma hapa anaweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka miwili kwenye kibali cha kazi ya kisomi, akiwa na miezi 24 ya michango ya pensheni na Kijerumani cha ngazi ya B1, iliyo chini ya B2, na kwa Kadi ya Bluu ukiwa na hiyo B1 ni miezi 21. Kwa hiyo pale kazini siku ya kwanza wakikuletea rundo la fomu za kusaini, waulize ya pensheni ni ipi, na waulize tarehe ya kuanza kuchangia ni lini, iandike.