Poka ya dau dogo: flopu imetoka, mkono haujatimia, ufanyeje?

Barazani kwetu Ngamiani, Tanga, tunacheza Texas Hold'em kwa kete za bao: kila mtu ana karata zake mbili, na mezani hufunuliwa tano za wote. Pesa ina mambo ya leseni na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, nasi tunataka kucheza tu. Dau halipandi ovyo: kete 2 kabla ya flopu (karata tatu za kwanza kufunuliwa mezani) na kwenye flopu, kisha kete 4 karata ya nne na ya tano zikifunuliwa. Meza za namna hii watu hawatupi karata. Kila mtu anataka kuona. Ndiyo maana mkono unaongoja karata moja una faida hapa, mradi ujue bei ya kungoja.

Hatua ya 1: Hesabu karata za kukuokoa

Una ree na 9, zote kopa. Flopu inaleta mfalme wa kopa, 4 ya kopa na 8 ya shupaza. Unangoja kopa moja zitimie tano. Kopa ziko 13, unaziona 4, zimebaki 9. Karata usizoziona ni 47: 9 zinakuokoa, 38 hazikusaidii. Hiyo ni kama 4.2 kwa 1, yaani kila ukipata mara moja unakosa mara 4.2.

Wazee wa arubastini hubisha hapa: "Na kopa walizoshika wenzio je?" Huzijui, kama usivyozijua zilizobaki kwenye pakiti. Hesabu inabaki 47.

Mfululizo (karata tano zinazofuatana) ulio wazi pande zote mbili, kama 8, 9, 10 na ghulamu, una karata 8, karibu 4.9 kwa 1. Wenye pengo katikati, kama 8, 9, ghulamu na malkia, una 4 tu, yaani 10.75 kwa 1.

Hatua ya 2: Punguza zenye sumu

Umeshika 10 na 9 za pau. Mezani kuna ghulamu wa uru, 8 ya uru na 3 ya shupaza. Malkia wanne na 7 nne zinakutimizia mfululizo, lakini malkia wa uru na 7 ya uru zinaweza kumpa mwingine uru tano. Meza ikiwa na watu wengi, mimi huhesabu 6. Vivyo hivyo, ukingoja kopa kwa 5 na 3, kumbuka kuna anayengoja kopa kubwa kuliko zako.

Hatua ya 3: Tazama kitita

Turudi kwenye ree na 9 za kopa. Watu sita waliingia kwa kete 2, kitita (kete zote zilizowekwa mezani) 12. Kwenye flopu mmoja kaweka 2, wawili wamefuata: 18. Wewe unalipa 2 kuwania 18, yaani 9 kwa 1, na ulihitaji 4.2 tu. Lipa.

Sasa, ungekuwa na pengo la katikati? 9 haifiki 10.75. Ila usitupe haraka. Katika mara 47, mara 43 unapoteza kete 2, jumla 86. Mara 4 unazopata, kila moja ikuletee 21.5. Kitita kina 18, kwa hiyo umepungukiwa 3.5. Mtu mmoja akikulipa dau moja kubwa la kete 4 baadaye, pengo limezibika. Kwa watu wetu wasiotupa karata, atalipa. Lakini mfululizo wako uwe ndio mkubwa kuliko yote inayowezekana, la sivyo achana nao.

Hatua ya 4: Pandisha dau ukiwa wa mwisho kucheza

Kopa zako zitatimia karibu mara 35 katika 100 ukiziona karata mbili zilizobaki. Mkiwa wanne mnaolipa, wewe unachangia robo tu ya kila kete inayoingia. Basi pandisha! Tena wenzako wakiogopa, karata ya nne ikitoka watapisha (hawataweka dau) hadi kwako. Usipopata, nawe pisha, uone ya tano bure. Umetoa kete 4 badala ya 2 na kisha 4.

Hatua ya 5: Karata ya nne

Dau limekuwa maradufu na imebaki karata moja. Kopa 9 sasa ni 4.1 kwa 1, bado unalipa kitita kikiwa 28 kwa dau la 4. Pengo la katikati linataka kitita cha 42 au, angalau, walipaji wa uhakika mwishoni. Mara nyingi hapo mimi hutupa. Mezani pakitokea karata mbili zinazofanana, punguza mwendo: huenda mtu ana tatu na mbili (karata tatu za namba moja na mbili za namba nyingine), na kopa zako tano hazimfikii.

Hatua ya 6: Karata ya tano

Ukikosa, tupa, usijaribu kumtishia mtu ambaye hajawahi kutishika tangu alasiri. Ukipata, weka dau mwenyewe. Ukipisha ukitegemea mwingine aanze, wote watapisha, na kete 4 za kila mmoja zitabaki mifukoni mwao.