Kujenga na Kufunga Ukingo wa Mbao wenye Viguzo kwenye Roshani

Somo hili linahusu ukingo wa mbao unaozunguka roshani au baraza iliyoinuka, yaani nguzo, reli ya juu, reli ya chini na vile viguzo vyembamba vinavyosimama kati yake. Nimelipanga kwa mfuatano ninaoutumia mwenyewe hapa Lamu, ambako nyumba ni za matumbawe na chokaa, hewa ina chumvi mwaka mzima, na mbao hufika mlangoni kwa punda au begani kwa sababu vichochoro havipitishi gari.

Aliye ndani ya Mji wa Kale aanze na ruhusa. Mji huo unalindwa kisheria tangu mwaka 1986 na uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Ukingo wa roshani huonekana kutoka njiani, kwa hiyo mchoro wake upelekwe kwanza kwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya kabla ya kununua hata ubao mmoja.

Hatua ya kwanza: mbao. Mvule, msaji na mbambakofi ndizo ninazoziamini kwa kazi ya nje. Mbao iwe imekauka sawasawa. Hesabu ya mafundi ni karibu mwaka mmoja wa kukaa kivulini, penye hewa, kwa kila inchi ya unene. Ukikata ulimi, yaani ile ncha iliyochongwa ya kuingia kwenye tundu, kwenye mbao mbichi, utaingia kwenye tundu lake kwa kubana vizuri, kisha kaskazi ikivuma miezi miwili mbao itanywea na kiguzo kitaanza kucheza kama jino bovu. Nguzo ziwe za sentimita 9 kwa 9, reli upana wa 9 na unene wa 5, na viguzo viwe vya sentimita 4.

Hatua ya pili: hesabu ya viguzo. Hapa nawaomba mtulie, kwa kuwa ndipo usalama wa mtoto ulipo. Kipimo kinachofuatwa Uingereza na Marekani ni kwamba tufe lenye kipenyo cha sentimita 10 hivi lisiweze kupita kati ya kiguzo na kiguzo, na mimi sikubali mwanya unaozidi hapo. Tuseme nafasi kati ya nguzo mbili ni sentimita 165. Ukiweka viguzo 11 vya sentimita 4, mbao itachukua sentimita 44, zitabaki 121, nazo zitagawanywa kwa mianya 12, kwa sababu mianya huzidi viguzo kwa mmoja. Kila mwanya utakuwa sentimita 10.08, yaani umepita kipimo. Ukiweka 12, zitabaki sentimita 117 kwa mianya 13, na kila mwanya utakuwa sentimita 9 kamili.

Hesabu hiyo inafaa kwa viguzo vya mraba. Kiguzo kilichokerezwa kina kiuno, yaani sehemu iliyochongwa ikawa nyembamba, na mwanya upimwe penye kiuno. Kiuno cha sentimita 2.5 huongeza sentimita moja na nusu katikati ya viguzo, na ile 9 inakuwa 10.5. Kwa viguzo vya namna hiyo weka 13, ambavyo vitakupa mwanya wa sentimita 8 na kidogo juu na chini, na 9.6 hivi kiunoni. Nimeona kingo nzuri za kukereza ambazo fundi alihesabu kwa vichwa vya viguzo na kusahau viuno, nazo zilipita macho ya kila mtu isipokuwa ya mtoto.

Hatua ya tatu: alama. Laza reli ya juu na ya chini pamoja, zifunge kwa jiriwa, uchore zote mbili kwa mara moja ili matundu yalingane. Chora katikati ya kila kiguzo ukiwa hujauondoa utepe wa kupimia: katika mfano wetu wa viguzo 12, alama zitakuwa kwenye 11, 24, 37, na kuendelea kwa kuongeza 13 hadi 154. Usipime kutoka alama moja hadi nyingine. Kosa la milimita 2 likirudiwa mara 12 huwa sentimita 2.4, na mwanya wa mwisho utaonyesha waziwazi.

Hatua ya nne: ulimi na tundu. Toboa kwanza kwa keekee, kisha safisha pembe kwa patasi. Matundu ya reli ya chini yatobolewe kijitundu chembamba kinachotokea upande wa chini, ili maji ya masika yapate njia ya kutoka. Bila hicho, ulimi hukaa ndani ya kikombe cha maji na kuoza kwa siri huku rangi ya nje ikiwa bado inang'aa. Uso wa juu wa reli zote mbili upigwe randa uwe na mteremko mdogo. Kusanya kila kitu kikavu, bila gundi, ukague pembe kwa guni, kisha ufungue tena. Ngazi za nyumba zetu ni nyembamba na zina kona, hivyo ukingo uliogundishwa karakanani hauwezi kupanda; mimi huandika namba kwenye kila kipande na kugundisha huko huko juu. Tumia gundi isiyoyeyuka kwa maji, na kama mbao ni msaji, ifute kwa spiriti kabla ya kupaka, kwa kuwa mafuta yake hukataa gundi.

Hatua ya tano: kusimamisha nguzo. Mtu akiuegemea ukingo, uzito wote huishia kwenye shina la nguzo, kwa hiyo skrubu mbili zilizopigwa kwa pembe hazitoshi hata kidogo. Kama sakafu imebebwa na boriti, nguzo ishuke ubavuni mwa boriti na ifungwe kwa bolti mbili zinazopenya, zenye washa pana pande zote mbili. Kitako cha nguzo kisiguse sakafu penye maji. Ipime kwa timazi pande mbili, kisha vuta uzi kutoka nguzo ya kwanza hadi ya mwisho kabla ya kukaza. Kimo cha reli ya juu kiwe sentimita 110 kwa roshani ya ghorofa. Reli ya chini iache sentimita 6 hadi 8 kutoka sakafuni, mchanga ufagilike. Reli hiyo ikizidi urefu wa mita moja na nusu, weka kigingi katikati kuizuia isipinde.

Vyuma viwe visivyoshika kutu. Miaka ya nyuma niliuziwa skrubu zilizong'aa nikaziamini, na baada ya kaskazi mbili kila kichwa kilikuwa kimelia machozi meusi juu ya mbao. Nilifungua ukingo mzima kwa gharama yangu. Tangu hapo nina kipande cha sumaku mfukoni: chuma cha pua kinachofaa baharini hakivutwi, au huvutwa kidogo mno.

Maswali na majibu

Swali: Assalamu alaikum fundi. Mimi niko Malindi na baraza yangu ni ya zege. Je, nitumie bolti za kupanuka?

Jibu: Waalaikum salaam, ndugu yangu. Kwa zege zinafaa, mradi ziwe mbali na mwisho wa zege kwa sentimita 10 au zaidi, vinginevyo litabanduka. Kwa ukuta wa matumbawe usizitumie kabisa, kwa sababu jiwe hilo ni laini na hupasuka linaposukumwa kutoka ndani. Huko ni bolti ya kupenya ukuta yenye bamba upande wa pili, au ya gundi maalumu ya kufungia vyuma ukutani.

Swali: Shikamoo fundi. Kwenye ngazi, mwanya napima kwa kufuata mteremko?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Pima kwa mlalo, kwa kuwa viguzo vinasimama wima na mwanya ni umbali ulio baina yao. Ukifuata mteremko, viguzo vitasongamana na utanunua mbao usizozihitaji.

Swali: Fundi, mimi ni mama wa nyumba hapa Shela. Viguzo vitano vya ukingo wa zamani vimelegea na vilivyobaki ni vizima. Nibadilishe vyote?

Jibu: La, dada. Kwanza chomeka ncha ya kisu penye ulimi wa kila kimoja, chini. Ikizama bila nguvu, mbao imeoza na kiguzo kibadilishwe. Ikikataa, kiguzo ni kizima na kimelegea tu. Pasua ulimi katikati kwa msumeno, tia kabari nyembamba na gundi, ukigongee mahali pake. Vile vipya mpelekee mkerezaji pamoja na kimoja cha zamani, si picha.

Swali: Vanishi au mafuta?

Jibu: Vanishi hupendeza mwaka wa kwanza, kisha jua huipasua na kuikwangua yote ni kazi ya siku nyingi. Mimi hupaka mafuta ya kitani mara tatu kabla ya kufunga, hasa kwenye ncha zilizokatwa, na mwenye nyumba hurudia mkono mmoja kila mwaka kabla ya masika.