Kabla ya kwenda kukagua shamba lenye mgogoro

Ukaguzi wa shamba lenye mgogoro mara nyingi huharibika kabla gari halijawashwa. Ofisi haina mafuta, mlalamikaji anajitolea kuyanunua, na jambo linaonekana jepesi. Usikubali. Ukishuka kwenye gari lililojazwa mafuta na upande mmoja, upande wa pili hautakuamini hata ukipima kwa haki tupu, na kijijini habari hiyo itakuwa imefika kabla yako. Fedha ya safari haijatoka? Ahirisha. Chakula cha mchana nacho kileni kwa mama lishe pale senta, msile nyumbani kwa mdaawa yeyote, awe mlalamikaji au mlalamikiwa, hata kama kuku ameshachinjwa.

Barua ya wito iende kwa pande zote siku moja, ikitaja tarehe, saa na mahali pa kukutania, na kila aliyeipokea asaini. Mtendaji wa kijiji na majirani wanaopakana na shamba wapate taarifa pia. Majirani hao ni mashahidi wa thamani, maana mpaka unaobishaniwa ni mpaka wao vilevile. Angalia na msimu. Mvua zikishakolea, majaruba ya Magu na Kwimba hujaa maji na matuta ya mpaka hayasomeki. Kwa Ukerewe, hesabu muda wa kusubiri kivuko cha Kisorya–Rugezi ndipo uwaambie watu saa ya kukutana.

Jalada lisomwe lote mezani. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021 Baraza la Kata linapatanisha tu, haliamui. Kwa hiyo shauri likiwa limefika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, hakikisha uthibitisho wa usuluhishi ulioshindikana umo. Kama mtu anadai kugawiwa ardhi na kijiji, tafuta muhtasari wa mkutano mkuu, na usiishie kwenye ukurasa wa maazimio. Fungua orodha ya mahudhurio. Majina yaliyoandikwa kwa mwandiko mmoja, na saini zinazofanana mkia hadi mkia, ni swali la kumuuliza mtendaji mbele ya wote.

Huku Usukumani ukichimba ugomvi wa ukoo, mara nyingi unakutana na Operesheni Vijiji, ule uhamishaji wa watu kwenda vijiji vya ujamaa miaka ya 1970. Mzee anaonyesha makaburi ya babu zake ndani ya shamba la mwenzake, na anasema kweli. Lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, kifungu cha 15, imethibitisha ugawaji uliofanywa kati ya Januari 1, 1970 na Desemba 31, 1977. Nenda ukijua hivyo, ila msikilize mzee hadi mwisho. Uliza nani alilima wapi, mwaka gani, nani alipanda ile miembe, minyaa ya mpakani iliwekwa na nani. Sheria ya ukomo inatoa miaka 12 ya kudai ardhi, kwa hiyo tarehe ya kuanza kutumia shamba huweza kuamua shauri zima.

Ufukweni kuna tabu yake. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda kupita kiwango kilichokuwa kimeachwa na mafuriko ya miaka ya 1960, likameza vishamba na alama zake. Maji yakirudi nyuma, kila mtu anakumbuka mpaka wake. Usichukue ukingo wa maji wa siku hiyo kuwa mpaka, na kumbuka Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Ukibeba GPS, mwulize mpimaji ramani ya zamani ilichorwa kwa mfumo gani. Ramani ya Arc 1960, mfumo wa zamani wa vipimo, ikisomwa kwa GPS iliyowekwa WGS 84, mfumo wa kawaida wa GPS, inasogeza shamba karibu mita 300, na hapo unaweza kumwondoa mtu kwenye ardhi yake kwa kosa la kifaa.

Tafuta mkalimani wa Kisukuma, Kikerewe au Kijita asiye ndugu wa yeyote. Mjane akiwa mdaawa, aongee mwenyewe, shemeji anyamaze kwanza. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji kinabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi.

Mahakama ya Rufani ilishaelekeza mwaka 1980, katika shauri la Nizar Ladak na Gulamali Janmohamed, kwamba wadaawa, mawakili na mashahidi wawepo kwenye ukaguzi, maelezo yaandikwe, na mkirudi yasomwe mbele yao wote ili asiyekubaliana aseme. Hata kama wewe ni ofisa ardhi tu na si mwenyekiti wa baraza, fuata njia hiyohiyo: chora mchoro palepale, andika nani alionyesha nini, uwasomee chini ya mti kabla hamjatawanyika. Na beba wino wa dole gumba, kwa wale wasioandika.