Kubalansi klachi mpya ya Subaru WRX: lini ulipie, lini uache

Mtu akishanunua seti ya klachi ya Impreza WRX, swali linalofuata ni lilelile: nipeleke flaiwili na presha pleti zikabalansiwe, au nifunge tu? Flaiwili ni gurudumu zito lililofungwa nyuma ya krenki (shafti kuu ya injini), presha pleti ndiyo inayobana klachi pleti (sahani ya msuguano) kwenye flaiwili, na kubalansi ni kusawazisha uzito ili visitikise vikizunguka. Kama flaiwili ni ya kiwandani na haijapunguzwa uzito, na presha pleti ni ya mtengenezaji wa kueleweka, usilipie balansi. Soma alama (hatua ya 3), funga. Hela ya balansi itoe ukiweka flaiwili nyepesi, au presha pleti ikiwa haina jina wala alama na wewe ni mtu wa kupeleka mshale hadi kwenye nyekundu.

Ninazungumzia injini za EJ20 za tabo zenye giaboksi ya gia tano, zile zilizoletwa mtumba kutoka Japani.

Hatua ya 1: Hakikisha ni balansi kweli

Gari likiwa limesimama, gia ikiwa huru, pandisha injini polepole hadi mizunguko 4,000 kwa dakika. Mtikisiko ukija hapo, unatoka upande wa injini. Ukija barabarani tu, kwa mwendo fulani, kaangalie tairi, propela shafti na eksili.

Sasa kanyaga klachi hadi chini na urudie. Gia ikiwa huru, ukikanyaga pedali klachi pleti na shafti ya giaboksi zinaachana na injini. Mtikisiko ukipotea, shuku hizo mbili. Ukibaki vilevile, flaiwili na presha pleti bado ni washukiwa, pamoja na mauntingi (raba zinazoshikilia injini na giaboksi) zilizochoka.

Gari linalotetema wakati wa kuondoka ni ugonjwa mwingine: oili kwenye pleti, flaiwili yenye madoa ya bluu ya joto, au mauntingi. Mashine ya balansi haitibu hayo.

Hatua ya 2: Shusha giaboksi na uweke alama

Klachi hii ni ya kuvuta, si ya kusukuma, na beringi yake imenasa kwenye vidole vya presha pleti. Usiing'ang'anize giaboksi itoke. Fungua plagi iliyo ubavuni mwake, ingiza bolti ya M6 (milimita 6) kwenye pini ya foko inayovuta beringi, ivute itoke, ndipo utenganishe.

Kabla ya kufungua bolti za flaiwili, piga nukta ya panchi kwenye flaiwili na kwenye krenki zikiwa mkabala. Irudi palepale ilipotoka.

Hatua ya 3: Tafuta alama ya "0"

Hapa ndipo mafundi wengi wanapopita bila kuangalia. Flaiwili ya Subaru na presha pleti yake zina alama ya "0", inayoonyesha upande ambao balansi ya kiwandani imeacha kasoro ndogo. Kitabu cha kiwanda kinaagiza alama hizo mbili ziachane kwa nyuzi 120 au zaidi. Sababu yake ni nyepesi: kasoro mbili zikikaa upande mmoja zinajumlishana, zikitazamana zinapunguzana. Presha pleti inaingia kwa nafasi zaidi ya moja, kwa hiyo izungushe mpaka uipate. Hiyo ni balansi ya bure, na kwa gari la kawaida inatosha.

Usisugue flaiwili kwa petroli kabla ya kuona alama iko wapi. Ikipotea, huna tena cha kusoma.

Hatua ya 4: Piga hesabu kabla ya kutoa hela

Tuseme upande mmoja umezidi gramu 10, mahali palipo sentimita 12 kutoka katikati. Kwenye mizunguko 7,000 gramu hizo zinavuta kwa nguvu ya takriban niutoni 645, sawa na kuning'iniza kilo 66, huku upande wa mvuto ukizunguka na krenki. Kwenye 3,500 ni robo tu, kilo 16 hivi, maana mizunguko ikiongezeka mara mbili nguvu inaongezeka mara nne. Ndiyo maana anayeendesha mjini hasikii kitu, na wa mbio anasikia mpaka kwenye usukani.

Daraja la ubora wa balansi linalotumika sana kwa flaiwili ni G6.3. Kwa flaiwili na presha pleti zenye kilo 14 kwa pamoja, kwenye mizunguko 7,000, linaruhusu kama gramu 1 tu kwenye sentimita hizohizo 12.

Hatua ya 5: Ukiamua kubalansi, mwambie fundi hivi

Flaiwili ibalansiwe kwanza peke yake. Kisha presha pleti ifungwe juu yake, zizungushwe pamoja, na masahihisho yafanyike kwenye presha pleti tu. Siku ukibadilisha klachi tena, flaiwili bado iko sawa. Asitoboe vidole wala uso wa msuguano. Nafasi ya mwisho ipigwe panchi.

Klachi pleti usiihesabu humo. Inateleza kwenye meno ya shafti na kila ukikanyaga inashikwa mahali tofauti kidogo.

Krenki ya EJ20 haitegemei uzito wa flaiwili kujibalansi, ndiyo maana kazi hii inafanyika bila krenki. Mazda RX-7 usiibebe kwa kanuni hii: flaiwili yake ya kiwandani ina uzito wa makusudi upande mmoja, na anayeweka nyepesi lazima afunge uzito wa kufidia.

Hatua ya 6: Funga

Safisha nyuso kwa dawa ya kusafishia breki (si oili ya breki). Bolti za flaiwili zikazwe Nm (niutoni mita) 72, kwa msalaba. Weka klachi pleti katikati kabisa, kisha bolti za presha pleti zikaze kidogokidogo kwa kupishana hadi Nm 15.7. Ukikaza upande mmoja hadi mwisho kwanza, presha pleti inapinda na umetengeneza kasoro mpya.

Hatua ya 7: Jaribu

Rudia jaribio la hatua ya 1. Mtikisiko ukiwa bado upo, usikimbilie kushusha giaboksi. Toa mikanda ya mbele ya altaneta, stelingi na eisi, washa injini kwa muda mfupi, upandishe tena. Kwenye EJ20 pampu ya maji inaendeshwa na taimingi belti, kwa hiyo injini haitachemka kwa dakika moja hiyo. Taa ya chaji itawaka, iache. Mtikisiko ukiondoka, kasoro iko kwenye puli au beringi za mbele, na klachi yako haina kosa.